Kuandika si Kufika

Umeme ulikatika saa tatu kasoro robo usiku. Katika mtaa anaoishi kambo wangu, huko Likasi, jambo hilo halimshtui mtu. Jirani alipiga mluzi, mtoto akacheka, mwingine akatafuta kibiriti. Mimi nilibaki nimekaa mbele ya kompyuta iliyozimika pamoja na taa, maana betri yake ilikuwa imekufa zamani na haikuweza kukaa hata sekunde moja bila waya wa ukutani. Lakini sikuogopa. Dakika mbili tu kabla ya hapo nilikuwa nimebonyeza kitufe cha kuhifadhi. Alfajiri umeme uliporudi niliwasha kompyuta, nikafungua folda yangu ya kazi, nikaikuta tupu. Faili hazikuwa zimeharibika, wala hazikuwa na majina ya ajabu kama inavyotokea virusi vinapoingia. Hazikuwepo kabisa, kana kwamba kwa siku tatu zile sikufanya lolote.

Ninaandika haya kwa ajili ya wenzangu wa kitivo ambao, kama mimi, wanaandika mémoire kwenye kompyuta za mtumba, na ambao siku moja watashauriwa na rafiki mwema jinsi ya kuzifanya ziende mbio. Rafiki huyo atakuwa anasema kweli. Ila kuna swali moja ambalo sikujua kumwuliza wa kwangu, nalo ndilo lililonigharimu.

Kazi yangu inahusu toni katika hadithi za Kisanga. Msemaji wangu mkuu ni kambo, mama yake mama. Nilirekodi hadithi zake wakati wa likizo, kisha nikawa ninakaa naye kuzinukuu: tunasikiliza kipande kifupi, anakirudia polepole, ninaandika, ninaweka alama za toni, ninamsomea, anacheka, ninasahihisha. Saa moja ya sauti ya mono, yenye sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16 kwa kila sampuli, hujaza takriban megabaiti 318. Hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni vijifaili. Kila neno tulilolihakiki nililiwekea faili yake ya maandishi na kipande cha sauti yake, na vijifaili hivyo vilikuwa vimefika maelfu. Nilipotafuta mahali pote ambapo mzizi fulani unatokea, diski ilianza kukoroma, nami niliweza kwenda kunywa maji, nikarudi, nikaikuta bado inakoroma.

Sababu yake ni rahisi. Diski ya kompyuta yangu ni ya zamani, ya sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde 11 hivi. Ili kusoma faili moja, kichwa cha diski lazima kisogee hadi kwenye njia yake, kisha kingoje mahali panapotakiwa papite chini yake. Kwa kawaida safari hiyo yote huzidi milisekunde 10. Kumbukumbu ya RAM haina sahani wala kichwa; kufikia neno moja ndani yake ni jambo la nanosekunde 100 hivi. Tofauti ni ya mara laki moja. Kama RAM ingejibu kwa sekunde moja, diski ingejibu kesho yake baada ya zaidi ya saa 27. Ukiwa na maelfu ya vijifaili vilivyotawanyika, unailipa kesho hiyo mara maelfu.

Rafiki yangu anayesoma politekniki aliitazama kompyuta ikihangaika, akasema: "Una gigabaiti nne za RAM. Kata kipande, ukifanye diski, uweke kazi yako humo." Kompyuta yangu inatumia Linux, na humo jambo hilo ni amri ya mstari mmoja. Unauomba mfumo endeshi ukutengenezee folda ya aina inayoitwa tmpfs, nao unakupa folda ambayo kwa macho haina tofauti na nyingine. Ina jina, ina alama yake, unaweza kuingiza faili, kuzifuta, kuzihifadhi. Tofauti ni kwamba haiko kwenye diski. Iko ndani ya RAM. Nilihamishia humo kazi yangu yote ya wiki ile, gigabaiti moja na nusu. Rafiki akaniandikia pia hati fupi ya kunakili kila kitu kwenye diski ya kweli kila ninapozima kompyuta. Nikatafuta mzizi wangu. Jibu lilifika kabla sijaondoa kidole kwenye kibonyezo. Siku ile nilimnunulia soda.

Sasa, mtu hasemi uongo akisema kwamba nilikuwa nimepanga vizuri. Nilikuwa na hati ya kunakili. Lakini hati ile ilingoja amri ya kuzima, na mimi kule Likasi sikuizima kompyuta kwa siku tatu. Kuiwasha upya kulikuwa na kero yake: ilibidi faili zote zitoke tena diskini kwenda kwenye RAM, na muda huo wa kunakili ulikuwa mrefu sawa na ule utafutaji nilioukimbia. Kwa hiyo niliiacha iwake usiku na mchana. Umeme ulivumilia siku tatu, nami nikauona uvumilivu huo kuwa desturi yake.

RAM hushika data kama chaji ndogo sana za umeme, na chaji hizo zinavuja hata wakati kila kitu kiko sawa. Kwa kawaida kompyuta huzijaza upya kila milisekunde 64, bila kuchoka, bila wewe kujua. Waya ukichomoka, hakuna wa kujaza. Kile kitufe cha kuhifadhi nilichokibonyeza kwa bidii kilikuwa kinaihamisha kazi yangu kutoka sehemu moja ya RAM kwenda sehemu nyingine ya RAM iliyovaa nguo za diski.

Wanaosoma Lingala wanaijua jozi hii: *kokoma*, mzizi ukiwa na toni ya chini, ni kuandika; *kokóma*, toni ikipanda kwenye mzizi, ni kufika. Asiyesikia toni huona kitenzi kimoja. Ndivyo nilivyokuwa mimi mbele ya kompyuta yangu, mwanafunzi wa toni asiyesikia toni. Maneno ya kambo yalikuwa yameandikwa. Hayakuwa yamefika.

Niliporudi Lubumbashi nilimweleza rafiki yangu. Alisikitika, kisha akaniuliza swali lililonikera kwa sababu lilichelewa: "Kabla ya diski ile, ulipotafuta neno mara ya pili papo hapo, ilikuwaje?" Nikafikiri. Kwa kweli, mara ya pili ilikuwa upesi. Sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nilidhani kompyuta imepata moto kama gari. Tukajaribu. Tuliiwasha upya na kutafuta mzizi uleule moja kwa moja kwenye diski ya kawaida, bila folda ya RAM. Mara ya kwanza, koromo lilelile na safari ya maji. Mara ya pili, kimya, na jibu papo hapo. Tukajaribu tena kwenye folda ya RAM. Papo hapo vilevile. Kwa jicho na kwa saa ya simu hatukuweza kuona iliyoshinda.

Kumbe mfumo endeshi ulikuwa ukifanya kazi ile siku zote bila kuombwa. Kila faili inaposomwa kutoka diskini, nakala yake inabaki katika sehemu ya RAM ambayo hakuna programu inayoihitaji kwa wakati huo. Ukiiomba tena, unapewa nakala hiyo na diski haiguswi. Programu nyingine ikihitaji nafasi, nakala zilizokaa muda mrefu bila kuguswa zinaondolewa, na hakuna kinachopotea, maana asili yake iko diskini. Hii ndiyo kache ya faili. Kwenye Linux, amri ya *free* inaionyesha katika safu yake, na wengi wanaoitazama kwa mara ya kwanza hushtuka kuona RAM imejaa. Imejaa kweli, lakini imejaa vitu vinavyoweza kutolewa nje muda wowote. RAM iliyokaa bure haimsaidii mtu.

Nilitafuta mfano wa kumweleza mdogo wangu, nikaupata sokoni. Mama anayeuza unga ana gunia chini ya meza na beseni juu ya meza. Anapima kutoka kwenye beseni, maana liko karibu na mkono; likipungua, anainama na kuchota kwenye gunia. Beseni ni kache. Sasa mfikirie mwenzake anayechoka kuinama, akamwaga gunia zima juu ya meza. Kweli, anapima upesi. Lakini meza imejaa, hana pa kuweka mizani, na wingu la mvua la mwezi wa kumi na moja linakuja. Huyo ndiye mimi. Tena hata kuhusu meza mfano unasimama: nilipochukua gigabaiti moja na nusu kati ya nne, programu zilizobaki zilibanwa, na mfumo ukaanza kuhamishia vipande vyake diskini ili upate nafasi. Wiki ile nzima nilikuwa ninasifu utafutaji ulivyo wa mbio, huku ninalalamika kwamba kufungua programu ya kunukuu kunachukua muda mrefu kuliko zamani. Sikuunganisha mambo hayo mawili.

Tofauti yote, basi, nimeifupisha hivi: kache hushika nakala, diski ya RAM hushika kitu chenyewe. Swali la kumwuliza rafiki anayekupa mbio ni moja: asili inabaki wapi?

Kache nayo ina hila yake, na ni haki kuitaja. Unapohifadhi faili, Linux huiweka kwanza katika RAM na kukuambia imekwisha, kisha huipeleka diskini baadaye kidogo. Kwa mpangilio wa kawaida, data iliyoandikwa husubiri kama sekunde 30 kabla ya kupelekwa, isipokuwa programu ilazimishe ipelekwe mara moja. Kwa hiyo hata humo kuandika na kufika ni vitu viwili. Ndiyo sababu mtu anachomoa flashi yake pale ulipofika mwisho ule mstari wa kunakili, anakwenda kwenye kibanda cha kuchapisha, anakuta sura ya tatu haifunguki. Lakini pimeni wenyewe: mimi nilihifadhi dakika mbili kabla ya giza. Dakika mbili ni mara nne ya sekunde 30. Kama faili zangu zingekuwa kwenye diski ya kawaida, pamoja na uzito wake wote, ningepoteza sentensi moja au mbili. Nilipoteza siku tatu kwa sababu ya mbio ambazo tayari nilikuwa nazo bure.

Sisemi kwamba diski ya RAM ni upumbavu. Katika enzi ya MS-DOS, mfumo wenyewe haukuweka kando zaidi ya vipande vichache vya diski, na watu walikuwa na sababu nzuri ya kutumia RAMDRIVE kutengeneza diski ya RAM, au SMARTDRV kuongeza kache. Ushauri niliopewa ulikuwa wa kweli katika zama zake, na mashauri huishi muda mrefu kuliko mashine. Hata leo kuna kazi inayoifaa: faili za muda ambazo programu inazitengeneza kwa maelfu na kuzifuta yenyewe, ambazo zikipotea unaanzisha kazi upya na hukosi kitu. Kitu kinachoweza kuzalishwa tena na mashine kinaweza kukaa juu ya meza. Kilichotoka kinywani mwa mtu kinakwenda kwenye gunia.

Kwa vile jarida hili ni la kitivo cha lugha, niseme pia kuhusu maneno, maana ninaamini yalichangia kunipoteza.

Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tuna neno *mémoire* linalobeba mizigo mitatu: kumbukumbu ya mtu, RAM ya kompyuta, na kazi ya kumaliza masomo. Usiku ule wa Likasi mizigo yote mitatu ilikuwa chumba kimoja, na iliyoanguka ilikuwa mmoja juu ya mwingine. Kifaransa hicho kinaiita RAM *mémoire vive*, kumbukumbu iliyo hai, na ile isiyofutika umeme ukikatika kinaiita *mémoire morte*, iliyokufa. Aliyechagua maneno hayo alituonya wazi: iliyo hai ndiyo inayoweza kufa.

Neno kache nalo ni mtoto wa Kifaransa aliyelelewa nje. Linatoka kwenye *cacher*, kuficha. Wawindaji wa Kanada waliosema Kifaransa waliliita hivyo shimo walilofichia chakula chao cha safari, Kiingereza kikalichukua kwao. Mwaka 1965 Maurice Wilkes wa Cambridge alieleza wazo la kumbukumbu ndogo yenye mbio inayokaa mbele ya ile kubwa, lakini yeye aliiita kumbukumbu ya mtumwa. Mwaka 1968, IBM ilipoeleza mashine yake ya System/360 Model 85, ndipo jina la kache liliposhika, kwanza kwa kumbukumbu ya karibu na prosesa, baadaye kwa faili pia. Na jina lilistahili. Kache haionekani. Haina alama kwenye skrini, haina folda, programu hazijui kama ipo. Folda yangu ya RAM ilionekana, niliipa jina mwenyewe, nikaiamini kwa sababu ninaiona.

Kiswahili chetu sanifu kinaiita RAM *kumbukumbu*. Ni neno zuri lililokaa mahali pabaya. Kwa Mswahili, kumbukumbu ni kile kinachobaki baada ya tukio kupita: kumbukumbu za mkutano ni zile zilizoandikwa, zikasomwa, zikatiwa sahihi. Tumelipa jina la kinachobaki lile eneo la kompyuta ambalo halibakishi kitu. Mimi ningeliita meza, na diski ningeiita sanduku. Sitegemei mtu abadilishe kamusi kwa ajili yangu. Lakini mwanafunzi anayeanza angeambiwa kwamba kazi yake iko mezani, asingelala kabla ya kuitia sandukuni.

Nimebaki na sehemu ambayo ni ngumu kuieleza. Asubuhi ile nilimwambia kambo. Alikuwa anapepeta mahindi, hakuinua macho.

"Weye mwana," akasema, "ulisema ile mashini njo itanichungia maneno."

"Sauti yenu iko, kambo. Maandiko njo ilipotea."

"Kama sauti iko, leta kiti. Tuanze tena."

Tukaanza tena, na kwa saa nzima nilijiona mwenye bahati. Rekodi zilikuwa salama kwenye kadi ya kinasa sauti. Niliona kwamba nimepoteza muda tu. Kisha tukafika kwenye hadithi ambayo ina kiitikio, na katika kiitikio kuna neno moja ambalo vijana hawalitumii tena. Nilimwuliza maana yake, akasema ni kungoja. Mkono wangu ukasimama. Ninakumbuka, au ninadhani ninakumbuka, kwamba mara ya kwanza alisema ni kulinda. Nilimwuliza kama linaweza kuwa kulinda. Akasikiliza rekodi tena, akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Ile pia inaweza." Nilimwomba alitamke kwa maana zote mbili. Alilitamka mara mbili, na toni niliyoisikia ilikuwa ileile.

Labda lina maana zote mbili. Labda mara ya kwanza alilitamka tofauti, na mimi niliandika alama ya juu pale ambapo sasa nimeandika ya chini. Anayefanya kazi ya uwandani anajua uzito wa jibu la kwanza, lile linalotoka kabla msemaji hajaanza kufikiri mwulizaji anataka nini. Jibu hilo nililiandika. Nililihifadhi mara nyingi. Katika mémoire yangu neno lile sasa limewekewa maana mbili na alama ya kuuliza, na msimamizi wangu akiuliza kwa nini nina shaka, nitamweleza haya niliyoyaeleza hapa.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi daftari nilikuwa nalo. Ila niliandika juu ya maji. Siku hizi kazi yangu inakaa kwenye diski ile ya zamani inayokoroma. Asubuhi ninaendesha utafutaji mmoja wa bure, ninakwenda kunywa maji, na ninaporudi kache imekwisha kushika inachohitaji. Siku nzima inayobaki ni ya mbio. Jioni ninanakili kwenye flashi, ninaiambia kompyuta iiachilie, ninangoja ruhusa ndipo ninaichomoa. Na nikienda Likasi ninachukua daftari la karatasi. Maneno ambayo vijana hawayatumii tena ninayaandika humo kwanza, kwa kalamu, kambo akiwa bado anayatamka.